Gobore Halina Kaliba

Nchi iliyo kati ya miguu ya milima ya Usambara na mbuga za Uzigua, Korogwe na Handeni za leo, imepitiwa na bunduki za kila namna. Zilitangulia gumegume, zile za kupigisha jiwe. Zikafuata za fataki. Zikaja za kufunguliwa nyuma na kutiwa risasi yenye ganda. Zikaja za askari wa Kijerumani za milimita 11, zilizofuka moshi kama tanuri la mkaa. Mwisho zikaja za magazini, zisizo na moshi. Yote hayo katika muda wa kama miaka themanini. Katika msafara huo mrefu, iliyobaki mikononi mwa wenyeji ni ile ya mwanzo. Gobore liliendelea kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori wakati Mauser ya Mjerumani imekwisha kuwa kitu cha kuangaliwa makumbusho. Maelezo yanayotolewa upesi ni kwamba watu walikuwa maskini, au hawakujua kitu bora. Hayaniridhishi. Sababu naiona ndani ya tundu la mtutu: kila bunduki bora iliyokuja ilikuja na kaliba yake, na kila kaliba ilikuwa na mwenyewe, aliyekaa mbali na angeweza kufunga duka lake siku yoyote.

Kaliba ni upana wa tundu hilo, kwa milimita au kwa sehemu za inchi. Neno limetoka kwenye Kiarabu na ni ndugu wa kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Inadhaniwa hata Wazungu walilichota katika kisima hicho hicho. (Magazeti yetu yanaposema mtu ni “wa kaliba yake” yanazungumza lugha ya mafundi wa silaha bila kujua.) Kubadili kaliba ya bunduki ya risasi za ganda si kupanua tundu tu. Ukigusa mtutu umegusa chemba, pale ganda linapolala. Ukigusa chemba umegusa chuma kinachoziba nyuma, ambacho lazima kistahimili msukumo mpya. Halafu kuna kikucha cha kutolea ganda, kuna magazini, kuna shabaha ambayo sasa inadanganya kwa sababu risasi mpya inaruka njia yake. Ganda likizidi urefu, bunduki haifungi. Baruti ikizidi nguvu ya chuma, kinachopasuka kiko karibu na jicho la mpigaji. Fundi mwenye akili huyapima yote hayo, lakini kabla ya yote huuliza jambo lisilohusu chuma hata kidogo: risasi ya kaliba hiyo mpya itapatikana wapi, na kwa muda gani? Historia ya silaha Handeni na Korogwe ni historia ya swali hilo.

Kwanza tulitazame gobore lenyewe kwa karibu, maana watu hulitaja sana na kulieleza kidogo. Mwenye nalo hulisimamisha, kitako chini, akamimina baruti mdomoni mwa mtutu kwa kipimo cha mazoea. Anafuatisha kizibo cha kitambaa au cha makumbi ya nazi, anashindilia kwa mdeki mpaka mkono uhisi ugumu, kisha ndipo anapotia kinachoua: tonge la risasi alilomimina mwenyewe, au marisau, au vipande vya chuma alivyovikusanya. Tonge si lazima lienee tundu barabara. Kizibo huziba pengo. Kwa hiyo tundu lake lina upana, kama kila tundu, ila kaliba kwa maana ya ndoa kati ya mtutu mmoja na risasi moja halina. Hula kilichopo. Ubaya wake unajulikana: halifiki mbali, mvua hulinyamazisha, na nyati aliyekoswa hamngoji mtu ashindilie mara ya pili. Mwenye gobore aliyajua hayo kuliko sisi. Alikuwa akilinganisha ubaya huo na ubaya mwingine, wa kushika bunduki nzuri isiyo na risasi.

Ushahidi wa kwanza unatoka karne ya 19. Wazigua, walio karibu na Saadani na Pangani, walipata bunduki mapema kuliko Washambaa wa milimani, na msafiri Mwingereza Richard Burton alipoufuata mto Pangani mwaka 1857 kwenda Vuga kwa mfalme wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai, aliwakuta Wazigua wenye bunduki na mfalme huyo akiwa mzee ambaye nguvu zake za tambarare zimepungua. Jiografia inaeleza mengi hapa. Bunduki moja hudumu miaka, lakini baruti huisha kila inapopigwa, nayo ilipanda kutoka pwani. Aliyekuwa karibu na forodha alikuwa na bunduki kweli. Aliyekuwa mbali alikuwa na fimbo yenye tundu. Kimweri alipofariki, mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligombana, na ugomvi huo, ambao Abdallah bin Hemedi aliuandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, una jambo moja ambalo sichoki kulitazama. Semboja, mwana wa Kimweri, alimfukuza mjukuu wa mfalme, Shekulwavu, kutoka Vuga. Alikuwa na haki ya mshindi kukaa kwenye kiti cha kifalme kilimani. Hakukaa. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye akabaki Mazinde, chini kwenye joto na vumbi, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Korogwe. Kwa nini mtu ashinde ufalme na auache mji mkuu? Kwa sababu misafara ya pembe na watumwa ilipita Mazinde, na bunduki na baruti zilipita na misafara. Semboja alielewa kwamba enzi imeshuka kutoka kwenye kaburi la mababu hadi kwenye njia ya risasi.

Atakayenipinga atanikamata hapa: kama Mzigua alitegemea baruti ya pwani, basi gobore nalo lilikuwa mtumwa wa mfanyabiashara, na hoja yangu imeanguka. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haiangushi kitu. Kuna utegemezi wa namna mbili. Baruti nyeusi iliuzwa kwa kipimo, kama chumvi. Ya Mhindi wa Pangani na ya Mwarabu wa Saadani zilifanya kazi katika bunduki ile ile. Iliwezekana kugawana kwa kibuyu, kukopeshana, kupunguza kipimo msimu wa dhiki. Risasi ya ganda haigawiki. Aliyeshika bunduki ya kaliba fulani anamtegemea mtu mmoja anayeleta kaliba hiyo, na zikiisha, ganda la jirani la kaliba nyingine halimfai hata kama amepewa bure. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889 hadi alipokubali amani mwaka 1890, alijua thamani ya kuwa na pwani mgongoni, na kamanda wa Wajerumani, Wissmann, alijua pia. Ndiyo maana vita vile vilikuwa kwanza vita vya kushika miji ya bandari.

Magobore yenyewe yalitoka wapi kwa wingi ule? Kwa sehemu kubwa, yalitoka katika ugeuzaji wa bunduki uliofanyika Ulaya. Katika miaka ya 1860 majeshi makubwa yaligundua kwamba bunduki za kutilia mdomoni zimepitwa, nayo yalikuwa nazo kwa maelfu ya maelfu. Waingereza mwaka 1866 walichukua Enfield zao, wakakata nyuma ya mtutu na kuweka kifuniko cha bawaba kilichobuniwa na Mmarekani Jacob Snider, wakaacha upana wa tundu ule ule, inchi .577. (Snider mwenyewe alikufa mwaka huo huo, akingali anadai malipo yake.) Wamarekani pale Springfield walifanya kazi ngumu zaidi: waliingiza mtutu mwembamba ndani ya mtutu wa zamani ili kushusha kaliba kutoka .58 hadi .50. Baadaye Waingereza hao hao waliivua Martini yao mtutu wa .450 wakaivika wa .303. Kila mageuzi ya namna hiyo yalihitaji kiwanda, vipimo vinavyofanana, na serikali yenye kiwanda cha pili cha kumimina risasi za kaliba mpya. Mamilioni ya bunduki ambazo hazikustahili gharama hiyo ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na Zanzibar ilikuwa mlango wao mmoja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zinazoingia Afrika Mashariki ni kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hata tukilipunguza kadirio hilo nusu, kwa kuwa alikuwa na haja ya kuwatisha wakubwa wake, bado ni mafuriko. Sultani Barghash alipotaka jeshi la kisasa chini ya afisa Mwingereza Lloyd Mathews, Waingereza walimpa Snider 500. Tofauti ya namba hizo mbili inasema yote: silaha yenye kaliba ilitolewa kwa mkono mmoja kwa rafiki, isiyo na kaliba ikauzwa sokoni kwa yeyote.

Kisha sheria ikaja kuigandisha hali hiyo. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotangazwa kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza silaha bora na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaamuru silaha zinazoingia ziwekwe ghala la serikali, lakini ukaacha mwanya: gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuuzwa kwa ruhusa. Wanadiplomasia wa Brussels walichora mpaka, na mpaka wenyewe ulipita ndani ya mtutu. Hapo msomaji anaweza kusema: basi ni sheria, si hiari ya mwenye bunduki. Nakubali kwamba sheria ilifunga mlango. Sikubali kwamba ndiyo iliyowafanya watu wasipite. Semboja alikaa Mazinde miongo miwili kabla ya Brussels, wakati bunduki za ganda zilikuwa zimekwisha kufika Zanzibar na mwenye pembe za kutosha angeweza kuzipata, na bado nguvu ya jumla ya silaha katika nchi hii ilikuwa magobore. Kiongozi angeweza kuwa na bunduki chache za ganda kwa heshima na kwa walinzi wake. Kuwalisha risasi watu mia tatu wenye kaliba tatu tofauti ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu wahunzi nitasema kidogo, kwa kuwa kuna dhana kwamba kama mafundi wetu wangeachwa wangeyageuza magobore kuwa bunduki za ganda. Eneo hili halikuwa na uhaba wa ufundi wa chuma. Chuma cha Ugweno huko Upare, kilichofuliwa na ukoo wa Washana, kiliuzwa mbali, kikawa majembe na mikuki. Mhunzi wa aina hiyo aliweza kutengeneza springi iliyokatika, kubadilisha kitako, hata kuigeuza gumegume ikapokea fataki, maana ugeuzaji huo unagusa mtambo wa ubavuni na kuuacha mtutu salama. Alipofika kwenye chemba alisimama, wala si kwa upungufu wa akili. Chemba hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita na hukubali ganda moja tu, lililotengenezwa Birmingham au Karlsruhe. Hata angelitoboa tundu kwa usahihi wa malaika, angekuwa ametengeneza bunduki inayosubiri meli. Mhunzi aliyekataa kazi hiyo alikuwa akihesabu vizuri.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote unatoka kwa watu ambao hakuna anayeweza kusema walikuwa maskini wa maarifa. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani hapa, walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, ya baruti nyeusi, risasi moja moja. Moshi wake ulimtambulisha mpigaji kila alipofyatua. Kwa nini kamanda wao Lettow-Vorbeck, mwenye karakana za reli Tanga na Dar es Salaam na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani waliokuwa wakitengeneza dawa na mafuta kwa mimea ya msituni, hakuzigeuza bunduki hizo zikale risasi ya kisasa? Chuma cha mwaka 1871 hakikutengenezwa kwa msukumo wa baruti mpya, na hata kingestahimili, risasi za kisasa zenyewe zilikuwa chache. Aliongeza silaha bora kwa njia nyingine. Waingereza walipokimbia Tanga, Novemba 1914, waliacha bunduki mamia na risasi kiasi cha laki tano au sita. Kampuni tatu zikavikwa silaha mpya, na sasa jeshi la Mjerumani likawa linakula .303 ya Mwingereza. Aprili 1915 meli Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuungua. Risasi zilizookolewa zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena. Fikiria kazi hiyo, ganda kwa ganda, kwa maelfu. Jeshi lililoweza kufanya kazi ya kuchosha hivyo kwa ajili ya risasi halikuona faida ya kugeuza mitutu.

Juni 1916 vita vyenyewe vilifika katika nchi hii. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kando ya reli, yakaitwaa Mombo, kisha Korogwe katikati ya mwezi, na siku chache baadaye Handeni. Wajerumani walikuwa wamelaza reli nyembamba ya mashambani kutoka Mombo hadi Handeni, vigari vyake vikisukumwa na watu, ili mizigo iweze kuihama reli kubwa na kuelekea kusini. Watu wa Uzigua waliosukuma vigari hivyo na waliobebeshwa mizigo hawakuhitaji kufundishwa kwamba bunduki ni sehemu ndogo ya bunduki. Baadaye, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck aliivamia ngome ya Wareno Ngomano, akapata risasi zipatazo 250,000, na silaha za Wareno zikachukua nafasi ya zile kuukuu. Alipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Kwa miaka minne jeshi hilo lilibadili kaliba mara mbili, na mara zote mbili lilifanya hivyo kwa kuitupa bunduki na kufuata risasi ilipo. Basi tunapomwona mkulima wa Handeni akishika gobore mwaka 1920 au 1950, tusimhukumu kwa kipimo kigumu kuliko tunachompimia jenerali.

Mkulima huyo alikuwa na adui wake. Uzigua, baada ya njaa na maradhi ya mwanzo wa ukoloni, ilirudiwa na vichaka, mbung’o na wanyama. Mwanahistoria Helge Kjekshus amedai kwamba kupokonywa kwa wenyeji uwezo wa kuwadhibiti wanyama pori ni sehemu ya chanzo cha balaa hilo, na ingawa nadhani anailaumu serikali peke yake kuliko inavyostahili, katika jambo la silaha hoja yake ina mashiko. Nguruwe pori hula shamba la mahindi usiku mmoja. Kwa umbali wa hatua ishirini, usiku, marisau ya gobore hufanya kazi ambayo risasi moja ya .303 haiifanyi vizuri zaidi, na hugharimu sehemu ndogo ya bei yake. Kuna wanaosema bunduki bora ingeleta nyama zaidi na hasara ndogo zaidi. Ingeleta, mahali penye duka la risasi na pesa za kila msimu. Kutoka Kwamsisi au Sindeni, duka hilo lilikuwa mjini, na ndani yake kulikuwa na karani mwenye kuuliza leseni.

Hata taifa zima halikwepi hesabu hiyo. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 na kuundwa kwa JWTZ Septemba mwaka huo, nchi iliondoka polepole kwenye silaha za Kiingereza na kushika za Kichina. Hakuna aliyependekeza kuzichonga .303 upya. Tulibadili rafiki, na kaliba ikabadilika yenyewe. Kiwanda cha Mzinga cha Morogoro, kilichoanza miaka ya 1970, ni jibu la swali la mhunzi wa Ugweno: anayetengeneza risasi nyumbani ndiye pekee anayeweza kusema kaliba ni yake. Leo kanuni za uwindaji wa kitalii zinadai isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, na mwindaji mgeni huja na risasi zake ndani ya sanduku lake la ndege. Naye anatembea na ghala lake, kama Semboja alivyohamia kwenye lake.

Yapo bado magobore juu ya dari za nyumba za udongo, na huenda pamoja nayo ziko bunduki za vita vya 1916 zilizoachwa vichakani, kati ya Mombo na mto Lukigura. Anayeikuta mojawapo asikubali maneno ya fundi anayemwambia atamtafutia mtutu wa risasi za siku hizi. Chuma kile kilipimwa kwa baruti nyeusi, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki wala kugeuza silaha bila leseni. Aipeleke kituo cha polisi, aeleze ilikopatikana, na aombe ienziwe makumbusho pamoja na kalibu yake ya kumiminia risasi, kama nayo imeonekana.